Nilivyomwandikia Fundi Barua ya Kumfukuza

Nina hasira za karibu, sifichi. Tulipokuwa tunajenga madarasa Kimisagara, zote zilimwangukia fundi mkuu. Mimi nilikuwa msimamizi wa mradi. Ukutani nilibandika chati yangu: kazi moja chini ya nyingine, kila moja na mstari wake na tarehe yake. Lipu ya kuta ilipaswa kuisha wiki ya pili. Wiki ya nne, bado!

Nikaongeza vibarua ishirini. Sisi hapa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umetuzoesha kwamba watu wakijaa, mtaro unachimbika kabla ya saa tano. Mkono mmoja haulei mwana, nikajisemea. Fundi akaguna tu: "Sawa, bosi." Lipu ikazidi kuchelewa. Nikaamuru wafanye kazi hata Jumapili. Lipu ikapasuka. Loh! Nikaandika barua ya kumfukuza, nikampigia simu, nikamwita mzembe, nikamwambia aje kuichukua kesho yake, ofisini Kacyiru.

Mwenzangu wa ofisini, binti aliyesomea kuchora mifumo kwa kompyuta, akaiona barua mezani. "Kaka, kabla hujamfukuza baba wa watu, nipe daftari la kazi za kila siku."

Akachora duara la mishale. Vibarua wageni wanaongezeka, mafundi wanaacha mwiko ili wawafundishe, makosa yanazidi, lipu inabomolewa na kupigwa upya, tunachelewa, naongeza watu tena. Mshale wa mwisho ukarudi kwenye wa kwanza. Alipowatoa wageni kwenye hesabu yake ya kompyuta, ikaonyesha kazi ingeisha mapema.

"Chati yako inaonyesha nani kachelewa," akasema. "Haionyeshi kinachomchelewesha."

Nikafoka. Nikamuuliza kama amewahi kushika mwiko maishani mwake.

"Sijawahi. Na wewe?"

Aibu ilinipata, kweli.

Asubuhi fundi akaja amevaa koti lake la kanisani. Nikaichana barua mbele yake. "Nisamehe, mzee, kosa ni langu. Wageni wapeleke wakachimbe mtaro wa maji ya mvua, ubaki na watu wako."

Akaketi. Akashukuru kwa sauti ndogo, kisha akatoa simu yake mfukoni, akatafuta namba, akanipa.

"Ni mke wangu," akasema. "Jana alikusikia kwenye simu. Mwambie wewe mwenyewe, bosi, kwamba mimi si mzembe."