Hodi Mara Mbili

Jirani yangu mpimaji hanywi chai kabla hajagonga kikombe kwa ukucha akasikiliza. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu mwenye mtoto aliyelala chumba cha pili. Kazini kwao, maabara ya fizikia, wana tangi la mafuta maangavu, wanangojea chembe ndogo mno isiyoonekana iitwayo antinyutrino. Ikiingia, hupiga hodi mara mbili: mwanga mmoja, kisha mwingine. "Tatizo, babu, kuna mambo mengine ya kinyuklia humo ndani yanayopiga hodi vilevile. Mimi nawapima hao waongo, nijue ni wangapi." Nikamwambia, "Kumbe mgeni mwenyewe humjui, unajuana na matapeli tu." Akacheka kwa pua, kama kawaida yake.

Jana jioni alikuwa kwangu, mlango wa jikoni ukagongwa mara mbili, vilevile alivyokuwa akiugonga marehemu mke wangu kwa mguu, akitoka sokoni mikono imejaa. Huwa naitika, na sijamwambia mtu. Mpimaji akainuka, akabandika sikio mlangoni, akagonga fremu, akagonga bomba la nje. "Ni bomba, babu. Limeshinda juani, sasa linapoa." Akatoa kitambaa alifunge linyamaze. Kisha akanitazama usoni, akaniona bado nautazama mlango kama anayemngoja mtu, mkono ukasita.

"Nilifunge?"

"Liache."

Akarudisha kitambaa mfukoni, akaketi, akagonga kikombe chake. Bomba likagonga tena mara mbili. Nilikuwa sijafungua mdomo, mpimaji wa waongo akanitangulia, kwa ile sauti yake ya chini: "Karibu, bibi. Sukuma tu, mlango uko wazi."