Mlango wa Ghanim

Katika kijiji kimoja, nusu saa kwa gari kutoka Ibra, huko Oman, palikuwa na mlango usiokuwa na nyumba. Mlango wenyewe wa Kiunguja, wa msaji, umenakshiwa mayungiyungi na minyororo, umesimamishwa katikati ya mitende. Kulia hapana ukuta, kushoto hapana ukuta. Na watu wa pale, watu wazima na akili zao, walikuwa wakifika hapo wanaufungua, wanapita, kisha wanaufunga nyuma yao ili mbuzi wasiingie. Mbuzi walikuwa wakipita ubavuni.

Kaltham binti Khelef alifika hapo mwaka 1974 akiwa na shida moja tu, lakini shida hiyo ilikuwa imemkaba koo. Afisa mmoja Maskati alikuwa amemwambia kuwa hapati pasipoti mpaka alete barua ya sheikh wa kwao. Kwao wapi? Kaltham alizaliwa Unguja na kukulia hapohapo mjini, mtaa wa Malindi. Kuhusu Oman alijua mambo mawili: kwamba babu yake akiitwa Ghanim, na kwamba alitoka Sharqiya, mahali penye mitende na mfereji wa falaji. Sasa niambieni nyinyi, Sharqiya kuna kijiji gani kisichokuwa na mitende na falaji? Na akina Ghanim ni wengi kuliko hao mbuzi.

Bila pasipoti asingeweza kumleta Shukriya. Huyu ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na sasa amebaki Dar es Salaam peke yake, magoti yamemchakaa, anaishi chumba cha uani kwa watu. Kaltham alimwandikia amuulize kijiji cha babu. Lakini siku hizo barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, na Shukriya, mwoga wa kila kitu chenye muhuri, alijibu habari za mvua na mihogo, akamaliza kwa salamu.

Basi Kaltham akazunguka. Kijiji cha saba ndicho chenye mlango. Alimkuta mzee Mahrous, mgawa zamu za maji ya falaji, ambaye watu walimtegemea kwa kumbukumbu zote: nani kamzaa nani, nani kamwacha nani. Kaltham akafungua kinywa, na kile Kiarabu kidogo alichokuwa nacho kikamkimbia.

"Ghanim!" akasema. "Babu! Babu!"

Kwa Kiarabu, "babuh" ni "mlango wake". Mzee Mahrous nusura apige vigelegele. Miaka hamsini alikuwa akingoja mtu aje kuuulizia mlango wa Ghanim! Akamshika mkono mpaka kwenye mitende, akamsimulia kwa maneno na kwa vidole: Ghanim wa hapa alikwenda Afrika mwaka wa nzige, akatuma mlango kupitia bandari ya Sur, ngamia wakaubeba, na ujumbe kwamba nyumba ataijenga mwenyewe akirudi. Hakurudi. Wakausimamisha usije ukaliwa na mchwa, wakaanza kuutumia, kwani mlango ukishasimama utafanya nini tena?

Kaltham alipita upande wa pili autazame. Mahrous akagonga kwa bakora yake, kumwonyesha ubao ulivyo mgumu. Ngo, ngo, ngo. Na Kaltham, mtoto wa Malindi, mlango ukigongwa hana hiari.

"Karibu!" akaitikia.

Mzee akashusha bakora. Kwa masikio yake hilo ni "qaribuh", yaani "jamaa yake". Mwanamke ametoka mbali, ameuliza mlango wa Ghanim, na nyuma ya mlango huo ametamka kwa kinywa chake kuwa ni jamaa wa Ghanim. Mahrous akaenda kuapa mbele ya sheikh.

"Angesema qaribatuh, kwa kuwa ni mwanamke," aliongeza, kwani alikuwa mtu wa haki. "Lakini Afrika imewaharibia sarufi."

Barua ikaandikwa siku ileile.

Pamoja na barua, Kaltham alipewa ukoo mzima. Alipewa rambirambi za watu waliokufa kabla hajazaliwa, naye akawalilia vizuri, mmoja mmoja. Bibi Badriya, kipofu, alimpapasa uso na kutangaza kwamba hiyo ndiyo pua ya Ghanim. Akaambiwa pia kuwa Ghanim alikuwa akiogopa kuku, na haikupita miezi miwili Kaltham naye, kila akiona kuku, anaruka kwa woga. Akahamia hapohapo na cherehani yake, akajengewa chumba nyuma ya mlango, akawashonea wanawake nguo za Idi. Akamfundisha Mahrous kupiga hodi. Kila asubuhi mzee alisimama mlangoni akaita, Kaltham akajibu, na mzee akatabasamu kwa kukumbushwa nasaba.

Mwaka wa tatu, Kiarabu kikiwa kimeshamkaa, Kaltham alikuwa akikata kitambaa pale neno lilipomjia. Qaribuh. Mkasi ukamponyoka. Akaketi chini, akayafuata yote mpaka kwenye "babu". Hawa watu walimpokea kwa kosa la kusikia! Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini karatasi za Shukriya zilikuwa bado mezani kwa maafisa, tena kwa jina la Ghanim huyohuyo, basi akanyamaza. Mimi simlaumu, ningenyamaza zaidi yake.

Mwaka 1978 Shukriya akafika, na magoti yake. Kaltham alimwamkia, akamlilia kifuani, akampitisha mlangoni kwa fahari.

"Shikamoo tena, dada, hapa ndipo kwetu. Huu mlango wa Babu."

"Babu gani?" Shukriya akauangalia juu mpaka chini. "Babu yetu katoka Dima wa Tayyin, milimani huko, mchunga mbuzi. Kaja Unguja hana hata ndara, mlango kama huu angeupatia wapi? Sisi Malindi tulikuwa na pazia, mwanangu, umesahau?"

"Na kuku?" Kaltham akauliza kwa sauti ndogo. "Si alikuwa akiogopa kuku?"

"Babu? Kafa ana kuku mia!"

Miaka minne ya marehemu, pua na zamu za maji ikamwangukia kichwani. Akaona lazima amwambie Mahrous leo hii, hata kama Shukriya atarudishwa alikotoka. Akaona pia kwamba hataweza. Na hapohapo, ng'ambo ya mlango, zikasikika bakora na kikohozi. Mzee amekuja na Bibi Badriya, wameleta kahawa na tende za mgeni.

"Hodi!" akaita Mahrous.

Kaltham aliinama, akajitia anafungua mizigo ya dada yake.

"Hodi!"

Shukriya alimtazama mdogo wake, akashangaa adabu zimekwenda wapi. "Karibu!" akaitikia yeye, kwa sauti ya Malindi iliyosikika mpaka kwenye falaji.

Kaltham akaanza kulia kwa kwikwi, woga na furaha vimechanganyika hata asijue kipi ni kipi.

"Umesikia, Badriya?" alisema Mahrous huko nje. "Ni jamaa yake. Lakini huyu naye, sarufi hana."

Akamwingiza bibi, akaufunga mlango nyuma yao, mbuzi wasiingie.