Amperi Themanini na Tatu

Juzi nililala nyumba ya wageni pale Kibiti, na mpangaji wa chumba cha pili akachomeka birika kwenye soketi iliyolegea. Harufu ya plastiki inayoungua ikapenya chini ya mlango wangu. Watu walitoka ukumbini wakikohoa na kutaniana. Mimi nilibaki kitandani, nimeinamisha kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka. Nawaambieni ninyi, maana nyumbani sijawahi kumwambia mtu.

Kisiwani kwetu, ndani ya delta, nguzo za umeme hazikuwa zimefika. Baba, mkata mikoko, alikuwa na paneli moja ya sola, betri ya volti kumi na mbili, na inveta, lile boksi linaloupandisha umeme wa betri hadi volti mia mbili na thelathini. Aliyemfungia ni Fundi Ngwele, mtu mwembamba aliyeishia darasa la nne. Waya aliupima kwa kidole: ukiwa na joto, anabadilisha. Hakuwa na kipimo kingine, na kwa miaka yote kazi zake zilikuwa hazijamwaibisha.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba, na kanuni za umeme nilizipenda kama wenzangu walivyopenda mchezo wa rede. Volti mara amperi unapata wati. Volti ukiigawanya kwa amperi unapata ukinzani, yaani ule ubishi wa kitu kuupitisha umeme. Fundi akija kwetu nilimwandikia mchangani kwa kijiti: taa ya wati sita, betri ya kumi na mbili, jibu nusu amperi. Alichuchumaa akatazama kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao.

"Kumbe nusu tu!" alisema. "Na mimi nababaika na kidole."

Mwaka huo shangazi alitutumia pasi ya umeme kutoka Dar. Ilikuwa asubuhi, kesho yake ni Idi, na kanzu ya baba ilikuwa imekunjamana kama jani la mgomba lililokauka.

"Pasi ya mkaa ipo, mkaa upo, na mikono unayo," bibi aliniambia, akaenda zake kisimani.

Mkaa! Nilisoma ubavuni mwa pasi ya shangazi: wati elfu moja. Nikagawanya kwa mia mbili na thelathini, nikapata amperi nne na ushee. Waya za Fundi zilibeba kumi, na inveta iliandikwa wati elfu moja na mia tano. Nikachomeka, nikijisikia profesa.

Nilikuwa bado kwenye mkono wa kwanza wa kanzu nilipoisikia harufu. Nikageuka. Waya wa kutoka betri kwenda inveta ulikuwa umevimba, ganda lake linadondoka kama nta. Inveta ikapiga kelele, kisha kimya, moshi ukatoka. Nilichomoa pasi nikaizika ndani ya tenga la mpunga, ikiwa ya moto bado. Bibi aliporudi alinikuta nalia, akadhani ni hofu.

Alasiri Fundi akaja. Baba alikuwepo, na majirani waliokuwa wamechajisha simu zao kwetu.

"Mwanangu, ulichomeka nini?"

"Taa na simu tu, Fundi."

"Hebu nipigie ile hesabu yako."

Nikachuchumaa nikaandika, mbele ya wote. Taa nne, simu sita, amperi nne na nusu.

"Na waya wako unabeba ngapi?" baba alimuuliza Fundi.

"Kumi," nilijibu mimi kabla hajafungua mdomo.

"Basi tatizo si umeme," jirani mmoja alisema. "Ni Fundi Kidole!" Wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameushika ule waya ulioungua, anaugeuzageuza.

"Hesabu ndiyo hiyo," alisema taratibu. "Kosa ni langu."

Hesabu ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa kwenye vitu nilivyovihesabu.

Idi haijaisha nilishaigundua kasoro yangu. Wati elfu moja za pasi zilitoka kwenye betri, na betri ni ya volti kumi na mbili. Zigawanye: amperi themanini na tatu, katika waya wa kumi. Niliandika kwenye daftari, nikaichana ile karatasi, nikaitupa mtoni. Jina la Fundi Kidole likaenea hadi visiwa vya jirani, na mwezi haukupita kabla hajahama. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kuzurura, Ruaruke, Mkongo, popote penye kitu nisichokijua. Nilijifariji kwamba Fundi alijua nadanganya. Mtu aliyezoea waya atakosaje kujua kwamba simu sita haziyeyushi kitu?

Mwaka jana nilimkuta Fundi kijijini Mohoro, analima mpunga. Nilimwamkia, akanitambua, akaniita ndani akanipa chai. Nyumba nzima haikuwa na hata taa ya sola.

"Mama watoto, njoo umwone," alimwita mkewe. "Huyu ndiye binti aliyenionyesha kosa langu. Angeninyamazia, ningekuja kuunguza watu."

Utotoni nilidhani nimemkosesha kazi tu, na kazi mtu hupata nyingine. Sikujua kwamba angeniamini. Angenishuku, angeondoka na hasira, na hasira ingemwachia heshima yake. Badala yake alichukua tarakimu za mtoto, akaziweka juu ya miaka yake yote, akajihukumu, kisha akanishukuru.

Nilimaliza chai. Mkewe akanifungia mchele wa njiani, nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante.