Mamluki Alivyopata Heshima Yangu

Chekeni mtakavyo, ila mjue kiuno bado kinaniuma.

Mimi ni muuguzi wa Mutsamudu. Vichochoro vya mji wetu haviingii gari, kwa hiyo mgonjwa hubebwa kwa machela, na mbebaji mmojawapo ni mimi. Wiki iliyopita nilimsindikiza bibi mmoja aliyevunjika nyonga kwenda kutibiwa Moroni, kisiwa kingine. Njia nzima, tangu mlangoni kwake hadi melini, nilimchosha kwa majigambo: hawa mamluki wa Kizungu wanaotutisha kwa bunduki, mimi siwaamkii wala siwainamii, hata wakisimama mbele yangu. Bibi alikuwa akiitikia tu, "Haya, mwanangu."

Moroni meli kubwa hutia nanga mbali. Tulimshusha bibi kwenye mashua, kisha mimi na baharia mmoja tukampandisha ngazi za bandari, uzito wote ukinielemea mimi niliye chini. Tulipofika juu niliinama kuweka machela. Machela ilitua salama, lakini mimi sikuweza kuinuka tena. Kiuno kilikuwa kimekaza.

Nikiwa hivyo, nikaona buti za kijeshi zimesimama mbele ya pua yangu. Mwenye buti, mmoja wa wale mamluki, aliridhika sana. Alinipigapiga begani kama mtu anayemsifu punda wake, akaenda zake.

Wachukuzi na wauza samaki waliacha kazi zao, wakawa wananitazama. Bibi akainua kichwa kwenye machela, akasema kwa sauti iliyofika sokoni:

"Mwanangu, ameshakwenda. Inuka sasa, inatosha."