Mrija Ulioandikwa Salama

Saa nane mchana, mashine ikishaanza kunguruma, mama mmoja wa maabara hukalia kiti chake chenye mguu mbovu na kuota ndoto macho wazi. Kwenye kioo cha mashine, mistari ya rangi hutambaa taratibu. Mstari ukilala chini, mwanamke mahali fulani yu mzima. Ukipanda, kuna mtu atakayempigia simu, na mtu huyo ni mama huyu. Wenzake humwita Shangazi, kwa kuwa humgombeza kila mtu na hakuna anayenuna.

Kazi yao ni kusoma alama. Mwili hubandika juu ya vinasaba alama ndogo ndogo, wataalamu huziita za methili, ili kuvizima, kama mtu anavyobandika karatasi juu ya swichi: usiwashe. Zikirundikana kwenye vinasaba vinavyolinda mlango wa kizazi, huenda saratani iko njiani. Uzuri wake ni kwamba alama hutangulia. Mwenye mwili bado anacheka na kufua nguo, haumwi hata ukucha.

Kila siku, pamoja na mirija ya wagonjwa, huwekwa mmoja wa kuikagua mashine yenyewe, ambao mstari wake lazima ulale. Umeandikwa SALAMA. Kwa miaka sita, kilichomo humo ni seli za Shangazi mwenyewe. Chupa ikikaribia kuisha, huingia nyuma ya pazia, akatoka na sampuli mpya akitamba, "Haya, dawa ya mashine hiyo!" Na kanuni ni moja: SALAMA ukipanda, basi meza imechafuka na kazi yote ya siku hiyo haihesabiki.

Jumatatu moja walifungua chupa mpya. SALAMA ukapanda.

"Nani kashika vitu na glavu chafu?" Shangazi akawaka, huku akimkazia macho Profesa, mwenzake ambaye miwani yake hushinda kichwani badala ya machoni. Wakasugua meza mpaka zikang'aa, wakafungua dawa mpya za kupimia. Jumanne ukapanda tena. Wanawake thelathini walikuwa wanangoja majibu, na Shangazi alikuwa hashikiki kwa hasira.

Jumatano, Profesa aliishusha miwani mpaka machoni.

"Meza ni safi, Shangazi. Mrija wa maji matupu umelala. Ya wagonjwa yote iko palepale ilipokuwa Jumatatu."

"Basi mashine mbovu."

"Mashine nzima."

Feni iliendelea kuzunguka, ila sauti yake ilimfikia Shangazi kwa mbali, kama mtu aliyezama kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alijiona anaelea juu ya kile kiti. Aliwaona binti zake wawili wakiwa wachanga, wamelala mmoja huku, mmoja kule. Miaka sita ameangalia mistari ya wanawake wenzake, na siku wa kwake ulipopanda alitafuta uchafu mezani. Aliogopa, aliogopa kweli.

Profesa hakuwahi kumpigia mgonjwa simu hata mara moja. Akabandua ukutani karatasi ambayo Shangazi aliiandika kwa ajili ya atakayemshikia kazi siku za likizo, akaisoma neno moja moja.

"Dada, usiogope. Tumeona alama. Alama si hukumu. Njoo tuangalie vizuri."

"Hapo unanyamaza kidogo," Shangazi alimfundisha. "Unamwacha alie."

Profesa akanyamaza. Shangazi akalia.

Daktari alikuta seli zilizoanza kubadilika, bado hazijawa saratani. Aliziondoa asubuhi moja, na baada ya wiki sita Shangazi alirudi kazini na ukali wake wote. SALAMA mpya ulikuwa wa mtu mwingine. Lakini ile chupa yake hawakuitupa, kwani maabara huhitaji pia mrija ambao mstari wake lazima upande, la sivyo mashine imelala usingizi. Aliibandua lebo ya zamani kwa ukucha wake mwenyewe.

Sasa saa nane mchana hukaa palepale, simu sikioni, macho kwenye kioo.

"Dada, usiogope," husema. "Mstari wako umepanda. Na wangu unapanda sasa hivi, nauangalia hapa. Njoo."