Safu ya Walio Ng'ambo

Kata ndogo yangu ilikuwa na mipaka minne, na mitatu kati ya hiyo ilikuwa maji. Niliikariri katika kila baraza, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza: mashariki ni ziwa, kusini ni ziwa, kaskazini ni ziwa, na magharibi ni barabara ya vumbi inayotoka Naivasha. Nilikuwa naibu wa chifu, lakini huku kwetu hakuna mtu mwenye muda wa kutamka naibu. Niliitwa chifu, na nililipenda hilo jina kuliko inavyomfaa mtu mzima kulipenda jina.

Mahali penyewe palikuwa ulimi wa ardhi ulioingia ziwani, na shingo yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukisimama katikati ungeona mafunjo pande zote mbili. Zamani za ukoloni palikuwa shamba la kondoo la mzungu mmoja aliyefurahia kwamba maji yamemjengea ua bila malipo. Alipoondoka, wale waliokuwa wakimchungia waliungana wakalinunua shamba, wakagawana vipande kwa kura, kila mmoja akichomoa karatasi yake kwenye kofia. Kwa miaka mingi walikuwa chini ya chifu wa nchi kavu, na mtu akitaka barua ya kitambulisho alitembea nusu siku kuifuata. Halafu katika kampeni moja mwanasiasa akaahidi kutupatia kata ndogo yetu wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona ahadi ya kampeni ikitimia. Tulipewa chumba cha mabati, mlingoti wa bendera na mimi.

Wazee walikuwa wakisema kwamba ziwa hili lina tabia yake, hurudi nyuma kwa kizazi kizima kisha likaja kudai chake. Tuliwaitikia kwa heshima tukaendelea kupanda kabeji hadi ukingoni.

Maji yalipoanza kupanda hayakuja kwa kelele. Asubuhi moja mafunjo yalikuwa yamevuka mtaro wa barabara. Mwezi uliofuata viboko walikuwa wakilala mahali ambapo bodaboda walikuwa wakingoja abiria. Migunga ilikauka ikiwa imesimama majini, na nguzo za stima zikabaki zimeinama huko katikati, hazina wa kumwashia taa. Watu wa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, walionyeshwa kwenye habari wakibeba magodoro vichwani. Sisi hatukuonyeshwa popote, kwa sababu hao waandishi wa habari hawakuwa na njia ya kutufikia.

Shingo ilipozama, nyumba chache zilibaki upande wa barabara, nami nikahamishia ofisi huko. Wengine wote walibaki upande wa pili, na mahali pao pakawa kisiwa. Katika ripoti zangu sikuliandika neno hilo kamwe. Niliandika kwamba barabara imekatika kwa muda, mwaka baada ya mwaka, kwa muda. Lakini midomo ya watu haina faili, na wao walipata neno lao upesi. Ukiuliza mtu yuko wapi unaambiwa yuko ng'ambo. Nesi ameenda ng'ambo. Mbuzi wa fulani wameibwa ng'ambo. Tulilitumia neno hilo asubuhi na jioni mpaka tukasahau kwamba lina maana nyingine, ile ya redioni, ya Wakenya walio Amerika na Uarabuni.

Huko ng'ambo nilikuwa na mzee wa kijiji mmoja, na mzee huyo alikuwa mwanamke. Cheo hakina jinsia, kwa hivyo ungesikia watu wakisema mzee wetu amevaa rinda jipya na hakuna anayecheka. Alikuwa amenizidi umri sana, hapokei mshahara, na alizijua nyumba zote za kisiwani kwa watu wake na magonjwa yao. Serikali ilikuwa imeipatia kata ndogo yetu boti kwa sababu ya yale maji, na kila Alhamisi boti hiyo ilimvusha nesi. Mzee ndiye aliyempangia nesi nani aonwe kwanza. Mimi nilikuwa na muhuri, yeye alikuwa na watu.

Siku moja zikaja fomu za kuhesabu wakaazi. Ofisi ya juu ilitaka kujua ni kata ndogo zipi zina watu wa kutosha kuendelea kuwa na chifu wake, na zipi ziunganishwe na jirani. Mara zote fomu huja kwa Kiingereza, lakini safari hii mtu fulani alikuwa ameamua kutuheshimu akazileta kwa Kiswahili. Kulikuwa na safu tatu: waliopo, waliohama, walio ng'ambo.

Mzee wa kijiji alivuka akaja ofisini kwangu na daftari lake la penseli, amekwisha kuhesabu kila mtu. Tuliketi ili aanze kujaza. Alisoma vichwa vya safu kwa kidole, akafika cha tatu, akasimama hapo.

"Chifu," akaniuliza, "hii ng'ambo ni ya ndege ama ni ya boti?"

Nataka niseme kwamba nilikuwa na haraka, na ni kweli, nilikuwa na mkutano mjini. Lakini haraka haikuwa sababu. Sababu ni kwamba swali lake lilikuwa zuri, nami sikuwa nimelifikiria, na sikutaka mama asiyemaliza darasa la saba aone kwamba sikulifikiria. Mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa Kiswahili cha vitabuni.

"Mama," nikamwambia, "ng'ambo ni ng'ambo. Andika."

Akaandika. Nyumba chache za kando ya barabara zikaingia kwenye waliopo. Kisiwa chote, wazee kwa watoto, kikaingia kwenye walio ng'ambo. Jioni ile nilinakili fomu nzima kwa kalamu yangu, kwa mwandiko ninaojivunia, nikapiga muhuri na kuituma. Nilipitia kila jina kwa mkono wangu mwenyewe na sikuona kitu.

Jibu lilipokuja lilikuwa limekwisha kutiwa sahihi. Kata ndogo yetu ilikuwa imefutwa na kuunganishwa na ile ya nchi kavu. Nilikimbia mjini kwa mkubwa wangu. Alikuwa mtu mcheshi, akanifungulia fomu mezani na kuniuliza kama watu wangu wote wamehamia Amerika. Hapo ndipo nilipoiona. Niliiona yote kwa mara moja.

Alinieleza mambo yalivyo. Kurudisha kata kungesubiri hesabu nyingine. Kwa sasa kilichotakiwa ni barua ya kueleza kosa lilitokea wapi. Kama lilitokea kwa naibu wa chifu, basi itabidi nijitetee mbele ya kamati, na kazi yangu ingekuwa mashakani. Kama lilitokea kijijini, kwa watu wasio waajiriwa, basi ni bahati mbaya. Hakuniambia niandike nini. Alinisogezea tu karatasi, akaagiza chai.

Niliandika kwamba mzee wa kijiji hakuelewa maana ya neno ng'ambo.

Baraza la kutangaza lilifanyika kisiwani, juu ya nyasi, mchana wa jua kali. Tulivuka na mkubwa wangu kwa ile boti ambayo ingechukuliwa wiki hiyo hiyo. Alisoma barua ya kufuta kata, kisha akasoma maelezo yangu, neno kwa neno, ili watu wajue serikali haikuwaonea. Watu waligeuka wakamtazama mama yule. Akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Niliuliza," akasema.

Mkubwa akamuuliza alimuuliza nani.

Mama akanitazama. Hakunyosha kidole, hakutaja jina. Alinipa nafasi, naamini sasa kwamba ndivyo ilivyokuwa, alinipa nafasi niseme mwenyewe. Mimi nikafungua faili nililokuwa nimelishika nikaanza kutafuta karatasi ambayo haikuwemo. Alisubiri kidogo, kisha akaketi. Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na baraza likaendelea na mambo mengine.

Boti ikaenda. Nesi akawa haji tena Alhamisi. Haikuchukua muda watu wakaanza kusema kwamba mama yule hakukosea, alihongwa, kwamba kuna tajiri aliyetaka kisiwa kibaki mahame ajenge hoteli. Hapakuwa na tajiri yeyote. Niliusikia uvumi huo mara nyingi na kila mara nilikuwa na neno la kuukata, sikulitoa.

Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyekuwa ameoa karibuni. Mke wake alishikwa na uchungu msimu ule. Walimvusha kwa mtumbwi wa wavuvi, wakizunguka makundi ya viboko, na walipofika hospitali mtoto hakuwa hai. Kijana alizika, akafunga virago, akahamia na mkewe Karagita, mtaa wa wafanyakazi huko nchi kavu, wakaajiriwa kwenye mashamba ya maua. Alipoondoka alimwambia mama yake kwamba hana mama. Alisema hivyo mbele ya majirani, na majirani wakanihadithia.

Mimi nilipewa kata ndogo nyingine nchi kavu, nikaimaliza kazi yangu kwa amani, nikastaafu kwa keki. Nami nilipanga nyumba Karagita, na ikawa kwamba tunasali kanisa moja na yule kijana. Kila Jumapili alinipigia saluti ya mzaha kidogo, akaniita chifu, akanitafutia kiti cha mbele. Sijui kama kuna adhabu nzito kuliko heshima usiyoistahili. Niliipokea kwa miaka. Niliketi kwenye kile kiti.

Mwaka jana Mungu aliwajalia mtoto wa kike. Alikuwa ameshaanza kutambaa walipopanga kumpeleka mbele ya kanisa aombewe, nao wakaniomba niwe mzee wa kusimama nao. Nilienda kwao Jumamosi mchana kupanga mambo ya siku hiyo. Wanaishi chumba kimoja, pazia limekigawa, kitanda huku na jiko kule. Mke alikuwa nyuma ya pazia na mtoto. Niliuliza jina nitakalolitamka kanisani, ingawa nilikuwa nikilijua. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake, mama wa baba yake. Hilo halijadiliwi, hata walevi hulifuata.

Akanitajia jina la mama wa mke wake. Kisha akasema polepole, akiangalia sakafu, kwamba lile jina lingine hawataliweka nyumbani mwao.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini. Nilimweleza yote, kuanzia daftari la penseli hadi karatasi niliyojifanya kuitafuta. Nilimwambia mama yake aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza, na kwamba nilimjibu kwa kiburi. Nilimwambia ile fomu iliyopelekwa mjini ilikuwa ya mwandiko wangu. Sikujitetea, ingawa maneno ya kujitetea yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga kwa miaka mingi.

Nilitegemea anifukuze. Ningefurahi kama angenifukuza. Aliweka mikono yake yenye mikwaruzo ya miba ya waridi juu ya magoti.

"Mama aliniambia hivyo hivyo," akasema hatimaye. "Siku ile naondoka, aliniambia alikuuliza na wewe ndio ulimwambia aandike. Mimi ndio nilimwambia chifu hawezi danganya."

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nilimnyang'anya mama yule jina lake zuri, na hiyo peke yake ilinitosha kukosa usingizi. Sikujua kwamba alipokuwa akimlilia mwanawe, kilichosimama kati yao kilikuwa imani ya huyo mwana kwangu mimi.

Mke wake alikuwa amesikia kila neno, kwa maana pazia ni kitambaa tu. Alitoka akiwa amembeba mtoto. Huyu ndiye aliyelala kwenye ule mtumbwi, na nilishindwa kuinua macho yangu kumtazama. Alimweka mtoto chini kwenye mkeka, akarudi nyuma hatua mbili, akachuchumaa na kumwita. Alimwita kwa jina la mama mkwe wake.

Mtoto alikuwa akichezea kifuniko cha sufuria. Akamwita tena, kwa sauti ya juu kidogo, na mumewe naye akasogea akajaribu. Mtoto hakugeuka. Yeye alijua jina lake, na halikuwa hilo.