Kitufe cha Mtani Wangu wa Ngombezi

Juzi nilipanda juu ya paa la nyumba yangu hapa Ngombezi kufunga waya wa antena, na harufu ya mabaki ya mkonge ikanifikia kama mtu aliyekuwa ananisubiri. Nyumba hii ni ya matofali na bati la rangi, rafiki yangu. Nimeijenga mimi niliyekulia chumba kimoja cha kambi ya wakata mkonge. Stashahada ya elektroniki ninayo, leseni ya redio ya ridhaa ninayo, na ninaongea kwa herufi za nukta na vistari na watu wa nchi ambazo majirani hawajawahi kuzisikia. Hakuna aliyenishika mkono.

Mkono wangu ulipigwa tu.

Aliyeupiga ni jirani yetu, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu kazi ya simu za maandishi kwenye reli, Korogwe. Mezani kwake alikuwa na redio ya mawimbi mafupi aliyoiunda mwenyewe, spika za masikioni, na kitufe cha shaba cha kugongea herufi hizo, kilichofungwa kwenye kipande cha ubao. Ukikibonyeza kililia kama nyenje. Nilikitamani kuliko nyama.

Alinifundisha jioni, mashine za kiwandani zikishanyamaza na bibi yangu akichambua mlenda kizingitini. Nilitandaza vidole mezani. Nukta aliipiga kwa kijiti kwenye vifundo. Kistari alikikandamiza mpaka machozi yanitoke. Nikikosea herufi alianza upya.

"Wazigua mna vichwa vya visiki," alisema.

"Mpige, mtani," bibi alijibu bila kuinua macho. "Ukimuua, kuzika utazika wewe na kupika utapika wewe."

Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi, na mimi sikuulizwa. Matusi yao ndiyo yalikuwa kitabu changu cha kusomea. Mzee aligonga sentensi, mimi nikaisoma kwa sauti: bibi yako anapika ugali wa kulisha punda. Bibi akanipa jibu, nikaligonga kwa kijiko juu ya kopo. Kitufe sikuruhusiwa kukigusa.

"Siku utakayonitukana bila kukosea herufi hata moja, ni chako."

Siku hiyo ilifika akiwa kitandani, mbavu zinahesabika. Niligonga ubao wa kitanda: mzee umekonda kama fimbo yako. Alicheka, akakohoa damu, akamwambia bibi, "Nikifa mpe. Sasa hivi asikiguse, ana mikono michafu."

Akafa. Kijana wake alikuja kutoka Dar es Salaam na suti, akafunga mlango wa chumba cha baba yake kama duka. Bibi hakuomba. Alifuata njia aliyoijua: msibani, mtani huchukua kitu cha marehemu mbele ya watu, kwa kejeli, na wafiwa wakikitaka hukikomboa kwa kuku. Wasipokomboa kimekuwa chake. Nani angetoa kuku kwa kipande cha shaba?

Mlango ulipofunguliwa kutoa jeneza, bibi aliingia, akatoka na spika kichwani juu ya kilemba na kitufe mkononi.

"Nyamazeni, anaongea," akasema. "Anasema huko alikokwenda hakuna ugali. Anasema mnamlilia vibaya, lieni tena."

Kambi nzima ilicheka. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka.

"Huu ni msiba au ngoma?" kijana akauliza.

"Huyo ni mtani wa baba yako, mwanangu," mzee mmoja akamwambia. "Mpe jogoo yaishe."

"Mtani ndiyo nini? Mwizi ni mwizi."

Alizivuta spika pamoja na kilemba, mvi za bibi zikabaki wazi mbele ya wanaume. Bibi akaangukia magoti. Kijana akakwenda na kitufe mpaka chooni, tukasikia kikigonga ukuta wa shimo. Waliokuwa wanacheka walitazama chini, hata mzee wa jogoo.

Bibi alirudi nyumbani akachambua mlenda wake. "Baba yake alikuwa mtani wangu," alisema. "Huyu ni mtu tu."

Leo vitufe vyangu ni vizuri kuliko kile, na mkono wangu una kasi ambayo yule mzee hakuifikia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Bibi tulimzika kwao, Kwamsisi. Watu walijaa, wengine kwa bodaboda kutoka Handeni, maana alikuwa bibi yangu mimi. Nilikodi viti na vipaza sauti. Kila aliyesimama alimsifu kwa sauti ya chini. Nilikaa nikitazama njia, nikingoja mtu yeyote aingie ajifunge kanga ya bibi, aseme kizee hiki kimekufa kwa uchoyo, adai kuku wangu. Banda zima ningempa. Hakuja mtu. Tulimfukia kwa heshima, kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na jirani.